UZI: Treni za Kent na za kuvuka bahari kwenda Ufaransa, zilivyobadilika toka enzi za meli mpaka handaki

mpenda_reli

Wakuu habari za jioni. Niko Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, mji wa Ashford, miaka mingi sasa, na kuna jambo linaniuma nataka niliweke hapa lijadiliwe. Stesheni yetu inaitwa Ashford International mpaka leo, ubao upo, majukwaa ya kimataifa yapo, vyumba vya kukagulia pasipoti vipo, ila treni ya kimataifa hata moja haijasimama hapa toka Machi 2020. Eurostar, zile treni za kasi za kupita chini ya bahari, zinapita tu mbio zinaenda zake Paris na Brussels sisi tunaangalia. Vijana waliohamia juzi wanadhani ndo ilivyokuwa siku zote, wakati ukweli ni kwamba pwani hii yote, na ile ya upande wa pili Ufaransa, ilikuwa inaishi kwa treni za kuvuka bahari.

Hoja yangu naiweka mapema ili tusizungukane: handaki la chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa lilijengwa kwa ahadi kwamba mikoa itaunganishwa na Ulaya, matokeo yake limeunganisha miji mikuu, na faida waliyopata watu wa mikoani imetokea sehemu ambayo wengi hawakuitegemea, kwenye treni za kawaida za ndani. Nitaandika vipande vipande, mwenye la kuongeza aongeze.

Tuanze na enzi za meli. Utaratibu ulikuwa hivi, unapanda treni London inakushusha gatini kabisa Dover au Folkestone, yani reli inaingia mpaka ubavuni mwa meli, wapagazi wanabeba mizigo, mnavuka, mkifika Calais au Boulogne treni nyingine ya Wafaransa iko pale pale gatini inawasubiri kwenda Paris. Ndo maana kulikuwa na stesheni kama Dover Marine, Folkestone Harbour, Calais-Maritime, Boulogne-Maritime na Dieppe-Maritime. Dieppe treni ilikuwa inapita barabarani kando ya gati, polepole, mbele ya maduka na watu wanatembea. Folkestone nayo kutoka mjini kushuka bandarini ni mteremko mkali sana, 1 kwa 30, kwahiyo treni ya kupanda kurudi juu ilibidi ivutwe na kusukumwa na vichwa kadhaa vya moshi kwa pamoja, vingine mbele vingine nyuma.

Ya wenye pesa ilikuwa Golden Arrow. Wafaransa walianza ya kwao, Flèche d'Or, mwaka 1926 kati ya Paris na Calais, Waingereza wakaja na Golden Arrow 1929 kutoka stesheni ya Victoria, mabehewa ya kifahari ya Pullman, meza na taa zake, na meli yao maalumu iliyoitwa Canterbury. Iliendeshwa kwa moshi mpaka 1961, ikafutwa Septemba 1972, maana wale abiria wenye pesa walishahamia kwenye ndege zamani.

Ila ninayoipenda mimi kuliko zote ni Night Ferry. Ilianza Oktoba 1936. Unapanda behewa la kulala London Victoria usiku, unalala, unaamka uko Gare du Nord Paris, hujashuka hata mara moja. Behewa lenyewe lilikuwa linaingizwa melini Dover na kutolewa Dunkerque.

Nyamagana

Mkuu ngoja kwanza, behewa zima lenye watu wamelala ndani linaingia melini? Huku kwetu Mwanza MV Umoja inabeba mabehewa mpaka Port Bell Uganda, ila ni ya mizigo, ya abiria sijawahi kuona. Na bahari yao si ina maji kupwa na kujaa, reli ya melini na ya nchi kavu zinalinganaje?

mpenda_reli

Swali zuri sana mkuu Nyamagana, na we unalielewa kwa sababu umeona kitu cha aina hiyo hiyo. Ndiyo, abiria wamelala ndani. Mabehewa yalikuwa ya kampuni ya Wagons-Lits, yametengenezwa membamba kidogo kuliko ya bara kwa sababu madaraja na mahandaki ya Uingereza ni finyu. Kuhusu maji, pale Dover tofauti ya kupwa na kujaa ni kubwa kiasi kwamba daraja la kawaida la kuinama lisingeweza, kwahiyo walijenga gati lililofungwa, meli inaingia, mageti yanafungwa, halafu mapampu yanapandisha au kushusha maji mpaka sakafu ya meli ilingane na reli. Ndo mabehewa yanasukumwa ndani na kufungwa kwa minyororo. Waliosafiri nayo wengi wanasimulia kelele za ile minyororo, usingizi ulikuwa wa kukatika katika. Na treni yenyewe ilikuwa nzito, upande wa Uingereza mara nyingi inavutwa na vichwa viwili.

Vita ikaisimamisha, ikarudi 1947, 1957 wakaongeza na behewa za Brussels, ikafa Oktoba 31, 1980. Mabehewa yalishazeeka na hakuna aliyetaka kutoa hela ya kununua mapya. Kuanzia hapo hadi 1994, miaka 14, hakukuwa na treni yoyote ya abiria inayovuka moja kwa moja, unashuka unapanda meli au ile hovercraft iliyokuwa inatua Boulogne na treni ya Paris inasubiri pembeni.

Mama_Tulivu

Kaka asante kwa somo, naomba unieleze hizo treni za kawaida za wananchi zilikuwaje, maana hizo za Pullman tunajua ni za mabwana wakubwa. Nilifika Kent miaka ya 2000 mwanzoni nikakuta treni zina milango ya kufungua kwa mkono kila safu ya viti, unaibamiza unasikia paa! Nikawa nashangaa hii ndo Ulaya.

mpenda_reli

Mama umenikumbusha mbali. Hizo ndo treni za umeme zilizoingia Kent mwaka 1959 na 1961 walipoondoa moshi. Umeme wenyewe hautoki juu kwenye nyaya, unatoka kwenye reli ya tatu iliyolala chini pembeni, volti 750. Wakati ule zilikuwa mpya na za kisasa kweli, watu wa Ramsgate na Folkestone walifurahi, muda ukapungua, masizi yakaisha. Tatizo zikadumu mpaka 2005. Fikiria treni zilizobuniwa miaka ya 50 zinabeba watu wanaokwenda kazini London karne ya 21, mlango hauna kufuli la umeme, mtu anaweza kuufungua treni inatembea. Ziliondolewa kwa sababu za usalama hasa.

Na wakati umeme unaingia njia kuu, njia ndogo ndogo za vijijini zilikuwa zinafungwa. Ile ya bonde la Elham kutoka Canterbury kwenda upande wa Folkestone ilifungwa 1947, ya Hawkhurst 1961, ya New Romney 1967. Watu wengi wanamlaumu Dkt. Beeching na ripoti yake ya 1963 iliyopendekeza kufunga reli nyingi, kwa kila kitu ila hapa Kent nyingine zilishakufa kabla hajaandika hata ukurasa. Mabasi na magari binafsi ndo yaliyozimaliza. Mojawapo iliyobaki bila umeme mpaka leo ni ya Ashford kwenda Hastings, treni ya dizeli, fupi, inapita mashambani kwenye malisho ya kondoo, na inaondokea stesheni hiyo hiyo ambayo treni za mwendo kasi zinapita. Nikiwa na wageni hua nawapeleka wakaone hivyo viwili kwa pamoja.

Shaibu_Lille

Salaam wakuu. Mi niko upande wa pili wa maji, Lille, nimetokea Bukavu. Hadithi ya huku inafanana ila kuna tofauti moja kubwa. Wafaransa waliijenga reli yao ya kasi ya kaskazini ikawa tayari 1993, kabla hata handaki halijafunguliwa, Waingereza wakaja kumaliza ya kwao 2007. Na sisi huku mkoa ndo unaamua treni za mkoa, toka 2002 karibu mikoa yote imepewa kazi hiyo, TER ni za mkoa. Sasa mkoa wetu ukafanya jambo la akili, mwaka 2000 wakaweka TERGV, yani gari-moshi ya kasi TGV ile ile inapita reli ya kasi lakini inafanya kazi ya mkoa, Lille kwenda Calais, Boulogne, Dunkerque. Lille mpaka Calais-Fréthun ni nusu saa hivi. Mtu anakaa pwani anafanya kazi Lille anarudi nyumbani kula. Kabla ya hapo ulikuwa unazunguka na treni ya kawaida unasimama kila kijiji.

Lakini njia ile ya zamani ya Boulogne kwenda Paris kwa kupitia Amiens, ambayo ndo ilikuwa ya mabwana wa Golden Arrow, imeshuka hadhi kabisa. Mpaka leo kipande cha Amiens hadi Rang-du-Fliers hakina nyaya za umeme. Miaka na miaka ilikuwa treni inafika Amiens inabadilisha kichwa, wanatoa cha umeme wanafunga cha dizeli. Njia ya wafalme imekuwa njia ya wanafunzi na wazee.

mpenda_reli

Ndugu Shaibu hapo ndo umegusa hoja yangu katikati kabisa, ubarikiwe. Ngoja niende kwenye handaki sasa.

Wazo ni la zamani. Walianza kuchimba miaka ya 1880, jeshi la Uingereza likaogopa uvamizi, kazi ikasimamishwa 1882. Wakaanza tena miaka ya 70, serikali ya Harold Wilson ikaifuta Januari 1975 kwa sababu ya gharama. Mkataba uliofanya kazi ulisainiwa Canterbury Februari 1986, mbele ya waziri mkuu Thatcher na rais Mitterrand wa Ufaransa, kwa sharti la Thatcher kwamba hela ya serikali isiingie, wajenge watu binafsi. Desemba 1, 1990 wachimbaji wa pande mbili wakakutana chini ya bahari, na Mei 6, 1994 Malkia Elizabeth na Mitterrand wakalifungua. Urefu kilomita 50 na ushee, 38 hivi ziko chini ya bahari, ni mashimo matatu, mawili ya treni na moja la katikati la huduma, na kila mita 375 kuna mlango wa kukimbilia huko katikati. Gharama ilizidi makadirio kwa asilimia 80.

Sasa sikilizeni kuhusu ahadi. Sheria ya Channel Tunnel ya 1987, kifungu cha 40, iliwataka British Rail, shirika la reli la taifa, waandae mpango wa kupeleka huduma za kimataifa sehemu mbalimbali za nchi, kwa sababu wabunge wa kaskazini walikataa hela na nguvu zote ziishie London. Na maandalizi yalifanyika kweli! Zilitengenezwa treni 7 za Eurostar fupi kidogo, mabehewa 14 badala ya 18, za kutoka Manchester, Birmingham, Glasgow na Edinburgh moja kwa moja mpaka Paris. Yakatengenezwa na mabehewa 139 ya kulala, Nightstar, ya usiku kutoka miji ya mikoani mpaka bara.

Hakuna hata moja lililobeba abiria wa Manchester kwenda Paris. HATA MOJA. Baadhi ya treni zile zikakodishwa kukimbia London na York, baadaye Leeds, 2000 mpaka 2005, halafu baadhi wakachukua Wafaransa wakazitumia Paris na Lille mpaka 2014. Yani treni ya Manchester iliishia kumhudumia ndugu Shaibu. Mabehewa ya kulala yakauzwa Kanada mwaka 2000, kampuni ya VIA Rail, yanapita theluji za huko kati ya Montréal na Halifax. Hii inaniuma mpaka leo, kwa sababu vitu vilikuwepo, vimelipiwa, vimesimama yadi.

Ze_Analyst

Mkuu nakuheshimu ila unaleta hisia kwenye biashara. Ndege za bei chee zilianza katikati ya miaka ya 90, easyJet ilianza 1995, mtu wa Glasgow akafika Paris kwa saa moja na dakika kadhaa kwa nauli ndogo. Nani akae kwenye treni saa 8? Na British Rail yenyewe ilibinafsishwa kipindi kile kile, nani alikuwa tayari kubeba hasara? Handaki lenyewe wanahisa walilia miaka mingi. Tuwe wakweli.

mpenda_reli

Nakubali ndege ziliua Glasgow, hilo sibishi. Birmingham je? Kutoka pale kwa reli ya kawaida hadi London halafu handaki ilikuwa inawezekana, na watu wako wengi. Kwa hizo treni, ndege ni sehemu tu ya kilichoziua, nyingine ni masharti. Uingereza haimo Schengen, yale mapatano ya nchi za Ulaya ya kuvuka mipaka bila kukaguliwa, na kuna sheria za usalama za handaki, kwahiyo abiria wa kimataifa hawaruhusiwi kuchanganyika na wa ndani, kila stesheni inahitaji jukwaa lililofungwa, mashine za kukagua mizigo, maaskari wa mpaka wa nchi mbili. Huwezi kuichukua treni ya Manchester ikapakia watu wanaoshuka London, viti vinakwenda vitupu njia nzima. Ongeza na ushuru wa handaki kwa kila kichwa cha abiria. Kwa mpangilio huo mji mdogo hauwezi kushindana hata ungekuwa na abiria.

Na hicho hicho ndo kilichoiua Ashford. Ilianza kuhudumiwa Januari 1996. 2007 reli mpya ya kasi ilipokamilika mpaka St Pancras London wakafungua stesheni ya Ebbsfleet, treni nyingi zikahamishiwa huko. 2018 ikatumika hela ya mamilioni ya pauni kubadilisha mitambo ya ishara ili Eurostar mpya ziweze kusimama Ashford, watu tukashangilia. Miaka miwili baadaye Korona, wakaacha kusimama Ashford, Ebbsfleet na Calais-Fréthun, na Korona ilipoisha hawakurudi. Sababu wanayoitoa ni Brexit, pasipoti zikaanza kugongwa mhuri na ukaguzi ukawa unachukua muda, wakaona bora nguvu zote ziwekwe St Pancras.

Mama_Tulivu

Hapo kwenye ukaguzi naomba niongeze, wenye pasipoti zetu za Tanzania na Kenya foleni ile tunaijua. Unaishi Uingereza kihalali kabisa, una kibali, lakini kwenda Paris masaa mawili na robo unahitaji viza ya Schengen, uombe miezi kabla. Polisi wa Kifaransa yuko pale pale London anakukagua kabla hujapanda. Watoto wangu wenye pasipoti ya hapa walikuwa wanapita haraka enzi hizo, baada ya Brexit na wao wakaanza kugongewa mhuri.

dereva_wa_lori

Wakuu mmesahau mizigo. Mimi napita humo na lori kila wiki. Unaingiza lori Folkestone kwenye behewa la wazi, we mwenyewe unaenda kukaa behewa la mbele na madereva wenzako, dakika 35 uko Coquelles, upande wa Ufaransa. Malori zaidi ya milioni yanapita kwa mwaka. Sasa hiyo ndo biashara ya handaki, wala sio Eurostar peke yake.

mpenda_reli

Umesema kweli dereva, na hapo pana huzuni nyingine. Lori linapanda treni dakika 35 halafu linarudi barabarani M20, wakati matumaini yalikuwa treni ya mizigo itoke Italia mpaka Birmingham bila kugusa barabara. Treni za mizigo za moja kwa moja zilifika kilele 1998, tani milioni 3 hivi, na sasa hata nusu yake hazifiki. Moto wa 1996 ndani ya handaki, vurugu za wahamiaji za Calais na Sangatte mwanzoni mwa miaka ya 2000 ambapo treni zilizuiwa miezi kadhaa, ushuru, wateja wakakimbia. Mabehewa yalikuwa yanavuka kwa meli toka vita ya kwanza, bandari ya Richborough mwaka 1918. Meli ya mwisho ya mabehewa Dover ilisimama 1995, na handaki halikuichukua ile kazi yote.

kaka_rotterdam

Niongeze ya huku kidogo. Hoek van Holland, meli zinazotoka Harwich zinatua hapa, zamani treni zilikuwa zinasubiri kwenda mpaka Warszawa. Siku hizi reli ile imekuwa metro ya Rotterdam toka 2019. Unashuka melini unapanda metro na watu wanaotoka ufukweni. Wengine wanasikitika ila mimi naona sawa tu, inakuja mara nyingi na wenyeji wanaitumia kila siku.

mpenda_reli

Kaka, ndo hicho hicho nilichokuwa naelekea kusema. Reli iliyojengwa kwa ajili ya wageni imerithiwa na wenyeji. Hapa Kent Desemba 2009 zilianza treni za Javelin, zimetengenezwa na Hitachi wa Japani, zinakwenda kilomita 225 kwa saa kwenye reli ile ile ya Eurostar. Ashford mpaka St Pancras ni dakika 38 hivi, zamani ilikuwa saa na zaidi. Folkestone haifiki saa moja. Nyumba zimepanda bei, watu wa London wamehamia, Folkestone imebadilika sura. Nauli ina nyongeza na inakamua, hilo tuseme wazi, ila mama muuguzi anayefanya kazi London na kulala Ashford anaifaidi reli hii kila siku. Ahadi za 1987 hazikumtaja yeye kabisa.

Ninachokidai ni kwamba hili lisitumike kuwa kisingizio. Reli ipo, jukwaa lipo, mitambo ya ishara imelipiwa. Mwaka 2025 mamlaka ya reli iliwapa kampuni ya Virgin nafasi ya kutumia yadi ya Temple Mills, London, wanakotunzia treni za Eurostar, maana yake Eurostar atapata mshindani humo handakini. Kent wanampigia kelele mshindani huyo asimame Ashford, na mimi nimo kwenye hizo kelele.

Nyamagana

Mkuu nina safari ya Folkestone mwakani kwa mdogo wangu, viza zote mbili nitakuwa nazo. Nikitaka kuvuka kwa njia ya kizamani, treni meli treni, bado inawezekana?

mpenda_reli

Inawezekana ila gati na reli vimeshaachana. Dover Marine ilifungwa 1994, leo ni jengo la abiria wa meli za kitalii, Folkestone Harbour wamegeuza sehemu ya matembezi na vyakula, nenda ukaione reli imebaki chini ya miguu. Panda treni mpaka Dover Priory, chukua teksi au basi mpaka Eastern Docks, uliza kabisa kabla ya kukata tiketi maana si kila meli inachukua mtu wa miguu. Ukishuka Calais tafuta usafiri mpaka Calais-Ville, pale TER za Boulogne na Lille zipo. Kaa upande wa kulia ukielekea Boulogne uone bahari. Ukipanga tarehe niambie, Shaibu atakupokea Lille.

Shaibu_Lille

Karibu sana Nyamagana, chumba kipo.